Boti Yetu na Petroli Iliyochacha

Tangu nirudi, kila anayeingia kula hapa kwangu Majengo anautazama mkono wangu wa kulia kabla hajaitazama sahani. Ngozi imebabuka kutoka vidoleni hadi karibu na kwapa. Wapo wanaosema nimeungua na mafuta ya maandazi, na wapo wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba nimepigwa. Sikupigwa. Ila nimechoka kusimulia kipande kipande huku nageuza chapati, maana kila nikianza, msikilizaji anamaliza kula na kuondoka kabla sijafika ziwani. Nimeamua kuandika yote. Someni, kisha mniache nipike.

Mshangano: boti shambani

Kwa wasiojua, sisi watu wa Ndengere tunaoishi Songea tuna chama chetu. Ndengere ni kijiji kidogo kando ya Ziwa Nyasa. Nyuma yake ni mlima, mbele yake ni maji, na barabara haijafika. Mgonjwa akizidiwa analazwa kwenye mtumbwi na kupigiwa makasia mpaka Mbamba Bay, na wengine hufika wakiwa hawahitaji tena daktari. Mama yetu mimi na dada yangu Adelina alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo chama kilipoamua kununua boti ya injini ya kubebea wagonjwa, sikuhitaji kushawishiwa.

Boti tukaipata: nyeupe, ina mstari wa bluu, tenki la mafuta limefichwa chini ya sakafu yake. Ikaletwa Songea, ikawekwa Mshangano, uani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Gaudensi, mwalimu mkuu mstaafu. Ikakaa hapo katikati ya mahindi yake, kwa sababu ilikuwa inasubiri mgeni rasmi.

"Chombo cha umma hakianzi kazi hivi hivi kama baiskeli," Mzee Gaudensi alitufundisha. "Lazima kizinduliwe."

Mgeni rasmi wa kwanza alipokubali kuja, tulijaza tenki petroli mpaka shingoni. Akapata safari. Tarehe ya pili akapata msiba. Baada ya hapo tukatafuta mgeni rasmi mkubwa zaidi, ambaye naye alikuwa na safari nyingi zaidi. Mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine, yakavunwa tena. Kuku wa Mzee walitaga ndani ya boti na kutotoa humo. Maji pekee ambayo boti yetu ilikuwa imeyaona ni ya mvua.

Mwishowe mheshimiwa akatoa tarehe iliyoonekana ya kweli, tukakodi lori. Dereva alikuwa Athumani, mtu wa Tunduru, amekulia kwenye korosho na hajawahi kuliona ziwa. Tulipokuwa tunaifunga boti kwa kamba, alifungua kifuniko cha tenki, akakunja uso.

"Mzee, hii petroli inanuka kama vanishi ya kabati. Nitaumwa kichwa njia nzima."

"Petroli si maziwa, Athumani," akasema Mzee Gaudensi. "Haichachi."

Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Ningejua ni mkono wangu utakaokuja kuingia mle ndani, ningenyamaza.

Songea hadi Mbinga

Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama na pia mpishi wa sherehe. Masufuria yangu, mchele na viungo vya pilau vilisafiri ndani ya boti. Mimi nilisafiri mbele, katikati ya Athumani na Mzee Gaudensi, ambaye alikuwa amevaa suti tangu asubuhi ingawa sherehe ilikuwa kesho yake.

Ukitaka kujua watu wa nchi hii walivyo na nafasi, pitisha boti juu ya lori milimani. Kila tuliposimama tulizungukwa. Pale Kigonsera, mama mmoja muuza ndizi aliitazama boti, akatazama mbingu, akanijia dirishani.

"Mlongo wangu, ndugu yangu, mafuriko yanakuja lini?"

"Mafuriko gani, mama?"

"Sasa boti hiyo mnaileta huku ya nini?"

Mzee Gaudensi hakuweza kuliacha swali la namna hiyo. Alishuka, akasimama kwenye ngazi ya lori, akawahutubia wauza ndizi juu ya historia ya chama, malengo ya chama na changamoto za chama. Athumani alilala usingizi, akaamka, akaenda kuswali, akarudi, Mzee akiwa bado kwenye malengo. Makofi yalikuwa mengi, kisha kijana mmoja akauliza sisi ni wa chama gani na fulana zinagawiwa saa ngapi.

Mbele kidogo tukasimamishwa na msafara wa harusi. Maharusi walitaka picha ndani ya boti. Tukawapandisha. Bwana harusi alishika usukani, bibi harusi akakaa juu ya gunia langu la mchele. Aliposhuka gauni lake lilikuwa linanuka petroli, na mama mkwe wake akatutazama kama tulikuwa tumekusudia.

Mbinga: chupa moja ya petroli

Mbinga tuliingia na njaa. Mji mzima umezungukwa na kahawa, lakini kwenye hoteli tuliyokaa tukaletewa chai ya rangi. Nilipouliza kahawa, mhudumu akaniambia kwa upole kwamba kahawa ni ya kuuza. Makande yao lakini yalikuwa mazuri, maharage yameiva hadi ndani, na mimi si mtu wa kusifia chakula cha wengine.

Tukiwa tunakula akaja mwendesha bodaboda akisukuma pikipiki yake. Imekauka mafuta. Alikuwa ameisikia harufu ya lori letu toka mbali, akadhani tunauza.

"Hatuuzi," akasema Mzee Gaudensi, akifuta mdomo. "Lakini watu wa Ndengere si wachoyo."

Akaagiza mpira uingizwe kwenye tenki, ikavutwa chupa nzima. Rangi yake ilikuwa ya chai ile ile tuliyokuwa tunakunywa. Kijana alishukuru, akatia, akapiga kiki. Pikipiki ikawaka. Ikapanda kilima mbele yetu, ikaanza kukohoa, ikanyamaza. Tulimwona akishuka, akitikisa tenki, akipiga kiki mpaka akavua koti. Kisha akageuka na kuanza kurudi, akiisukuma.

"Mzee, umenipa nini?"

"Petroli."

"Petroli ya mwaka gani?"

"Pikipiki yako ndiyo mbovu, kijana."

"Pikipiki ilinileta hapa hotelini," akasema, jasho linamtiririka. "Mafuta yako ndiyo yamenirudisha kwa miguu."

Hotelini pote watu waliacha kutafuna. Nilimwagizia sahani ya makande, akaikubali, lakini alikula akiwa ametugeuzia mgongo.

Tukaianza safari tena. Nikasema, "Mzee, kwa nini tusiyamwage haya mafuta tuweke mapya?"

"Baada ya uzinduzi," akasema. "Mgeni rasmi akigonga tenki akasikia tupu, tutaficha wapi sura zetu?"

Sikuwahi kusikia mgeni rasmi anayegonga matenki. Lakini sikubishana naye. Niseme ukweli, nilikuwa nawaza pilau.

Kuteremka ziwani

Barabara ya kushuka kwenda Mbamba Bay siku hizi ni lami, lakini kona zake ni zile zile. Nilikanyaga breki ambayo haikuwepo upande wangu tangu kona ya kwanza. Kisha miti ikaachana na ziwa likatokea lote, bluu, chini yetu. Athumani akasimamisha lori katikati ya barabara.

"Subhanallah. Ng'ambo yake iko wapi?"

"Malawi."

"Yaani maji yote haya ni matamu?"

Tulipofika ufukweni hakungoja kuonyeshwa pa kulaza lori. Alikwenda moja kwa moja majini, akayaonja, akatikisa kichwa, akatia udhu hapo hapo.

Kwenye nyumba ya wageni mwenye nyumba alisikia maneno "mgeni rasmi", akamwona mtu mwenye suti, akampa Mzee Gaudensi chumba cha mbele chenye zulia na matunda. Mzee hakumsahihisha. Sisi wengine tulilala vyumba vya nyuma, lakini tulikula samaki mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, tukasahau habari ya zulia.

Mchangani

Asubuhi wajumbe wengine wa kamati walifika kwa basi, kila kitu kikapangwa. Turubai, viti, meza ya mgeni rasmi yenye kitambaa cheupe cha pamba, utepe mwekundu. Nikapanga mafiga yangu si mbali na maji, nikabandika pilau. Boti ikashushwa. Fundi Osmundi, anayetengeneza injini za boti pale Mbamba Bay, alikuja kutusaidia kuijaribu. Ni mtu mnene, mcheshi, mikono yake kama magogo ya kuanikia dagaa.

Injini iliwaka mara moja. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Gaudensi alisimama ndani ya boti, mbele kabisa, akipunga mkono. Ilikwenda, ikapita miamba, na hapo nikasikia kikohozi nilichokisikia Mbinga. Ikakaa kimya. Boti ikaanza kuzunguka taratibu, Mzee naye akizunguka nayo, mkono bado uko juu.

Walirudishwa na wavuvi wawili kwa mtumbwi, boti imefungwa nyuma kwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Fundi Osmundi alichomoa mpira wa mafuta, akakinga kidogo kwenye chupa ya jamu, akaiacha itulie. Juu palikuwa na kitu cha rangi ya chai. Chini yake, yamejitenga kabisa, palikuwa na maji yenye uchafu.

"Maji yametoka wapi?" akauliza Mzee. "Tenki lilikuwa limefungwa."

"Ni jasho, Mzee. Baridi ya kwenu Songea ikija na jua likifuata, tenki linatoa jasho ndani. Na petroli yenyewe imekuwa gundi. Lazima tenki limwagwe lote, lisuguliwe."

Mzee Gaudensi alifikiri. "Mgeni rasmi hatapanda boti," akasema. "Msaidizi wake ameniambia anaogopa maji. Atakata utepe, basi. Boti haina haja ya kutembea leo."

Simu yangu ikaita. Alikuwa Adelina, dada yangu, kutoka Ndengere. Mume wake, shemeji yangu Batlomeo, ndiye aliyetakiwa kuipokea boti kwa niaba ya kijiji.

"Skola, mmefika? Batlomeo anaumwa. Anasema ni tumbo."

"Tumbo la nini?"

Akashusha sauti. "Si tumbo. Ni mshipa wa ngiri. Ule wa miaka yote. Umetoka na umekataa kurudi, umekuwa mgumu kama jiwe, anatapika. Mhudumu wa zahanati anasema akafanyiwe operesheni leo. Usimwambie kuwa nimekwambia. Wewe ni shemeji yake, atakufa kwa aibu kabla ya mshipa."

"Mtumbwi?"

"Ziwa limechafuka upande wetu. Na boti za injini zote zimekwenda mnadani Liuli. Leteni hiyo yenu."

Nilipomwambia Mzee Gaudensi, alishtuka kweli. Ni mtu mwenye huruma, msimfikirie vibaya. Lakini hapo hapo aliita kamati. Tukaketi kwenye viti vya wageni, na hoja ikawekwa mezani: je, chombo ambacho hakijazinduliwa kinaweza kubeba mgonjwa? Mjumbe mmoja alisema katiba ya chama iko kimya juu ya jambo hilo. Mwingine akasema mheshimiwa akifika akute boti imetapikiwa, tutakuwa tumemdharau.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mama yangu alifia kwenye mtumbwi, tukipiga makasia, tukipumzika, tukipiga tena. Nilikuwa nimemshika kichwa. Mnataka nikamshike na Batlomeo?"

Mzee Gaudensi akaangalia viatu vyake vilivyojaa mchanga. Nikamwona anataka kukubali lakini hana mlango wa kupitia. Nikamfungulia.

"Mwenyekiti, boti bado inajaribiwa. Majaribio hayajaisha. Kwenda Ndengere na kurudi ni majaribio."

Uso wake ukachangamka. "Majaribio," akasema. "Naam. Majaribio hayahitaji uzinduzi. Wanaokubali?"

Mikono yote ikanyooka.

Ndani ya tenki

Jambo la kwanza alilodai Fundi Osmundi lilinichoma moyo: moto uzimwe. Upepo ulikuwa unatoka kwenye boti kuja kwenye mafiga yangu, na mvuke wa petroli, alisema, unatambaa chini kama nyoka hadi uone moto. Pilau lilikuwa ndiyo kwanza linakauka. Niliyamwagia maji mafiga kwa mkono wangu mwenyewe. Wali ule uliliwa baadaye na wajumbe, ukiwa mgumu katikati, na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Waliovuta sigara walifukuzwa mbali. Simu zikawekwa kwenye kikapu, kikapelekwa chini ya turubai. Fundi akainua ubao wa sakafu, akatumbukiza mpira wa pampu ya mkono na kuanza kuvuta ile petroli kwenye pipa la chuma. Mvuvi mmoja mzee alituonya mapema kwamba atakayemwaga tone mchangani atakula samaki wanaonuka vanishi maisha yake yote. Athumani akaketi kulilinda pipa. Gereji moja ililichukua baadaye kwa kuoshea vyuma.

Pampu ilipoanza kuvuta hewa tukaliacha tenki wazi lipigwe na upepo. Kisha Fundi akafungua skrubu za kipimo cha mafuta, akakichomoa. Likabaki tundu la kupitisha mkono, lakini si mkono wake. Alijaribu, ukagoma chini ya kiwiko. Mzee Gaudensi alivua koti, akajaribu, ukagoma na mkono wa shati. Wote wakageuka kunitazama.

"Mama Skola," akasema Fundi, "wewe unaoshaje ndani ya mtungi?"

Nilivaa glavu za kuoshea vyombo, ambazo zililegea na kuchanika kabla hata sijazoea. Nikageuza uso pembeni kama nilivyoelekezwa, pumzi nikavutia nje, mkono nikazamisha. Chini palikuwa panateleza na kunata, kama sufuria ya sukari iliyoungua. Nikaomba mwiko wangu wa ugali, maana ni mti na hauwezi kutoa cheche. Nikaomba kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kitambaa cha pamba safi pale ufukweni kilikuwa kimoja. Mzee Gaudensi alikwenda mwenyewe mezani kwa mgeni rasmi, akaondoa maua, akakikunjua kile kitambaa cheupe, akakipasua katikati. Mlio wa kupasuka nadhani uliwafikia na watu wa Malawi.

Nikasugua. Kitambaa kiliingia cheupe kikatoka kahawia. Kingine kikaingia. Kona za tenki nilizifikia kwa mwiko, kifua kimelala sakafuni, Mzee amenishika miguu nisitumbukie. Kichwa kikianza kuzunguka nilitoka, nikapumua upande wa upepo, nikarudi. Mkono ulikuwa unawaka moto. Tukatia petroli mpya kidogo, tukatikisa boti, tukavuta tena na kuitazama kwenye chupa ya jamu. Kulikuwa na vitone vya maji. Tukarudia. Mara ile ya mwisho chupa ilikuwa safi, rangi moja juu hadi chini, na Mzee Gaudensi akainyanyua kuelekea jua kama padri. Fundi wakati huo alikuwa amefungua kabureta, akaosha matundu yake, akafunga chujio jipya na mpira mpya. Tenki likajazwa.

Injini ikawaka. Tulisubiri ikohoe. Haikukohoa.

Ndengere na kurudi

Tulikwenda watatu: Fundi, mimi, na Mzee Gaudensi, ambaye alisema mwenyekiti hawezi kukosa majaribio. Mawimbi yalimlowesha suti yote. Hakulalamika.

Batlomeo aliletwa majini kwenye machela ya miti. Alikuwa wa rangi ya majivu. Aliponiona akajaribu kuvuta shuka juu.

"Shemeji, shikamoo," nikamwambia. "Tumbo linaendeleaje?"

"Tumbo baya sana, shemeji," akasema, akishukuru kwa macho.

Njia nzima Adelina alimshika kichwa, mahali pale pale nilipomshika mama. Nilikuwa nasikiliza injini, na kila ilipobadilisha sauti kwenye wimbi, niligeuka kumtazama Fundi. Batlomeo alitapika kwenye koti la Mzee Gaudensi. Mzee akamfuta mdomo kwa tai yake.

Hospitalini walimpokea mlangoni. Tuliketi kwenye benchi mpaka daktari akatoka kutuambia utumbo ulikuwa umeanza kubanwa vibaya, lakini umewahiwa. Adelina alikaa chini sakafuni akalia. Mimi nilitaka kulia pia, nikashindwa kujifuta, mkono mmoja umevimba na mwingine umeshikwa na Mzee Gaudensi.

Mgeni rasmi? Kikapu cha simu kilipofunguliwa tulikuta ujumbe: mheshimiwa amepata dharura. Utepe ulifungwa kwenye pipa la petroli mbovu, likaondoka limependeza.

Kurudi nyumbani

Boti ilibaki Mbamba Bay mikononi mwa Fundi Osmundi, na kabla hatujaondoka ilikwishaitwa tena kumbeba mtoto wa Ndengere mwenye degedege. Naye akapelekwa kwa majaribio. Anapona.

Tulipanda mlima lori likiwa jepesi. Athumani alibeba chupa ya maji ya ziwa kuwaonyesha watu wa Tunduru kwamba hayana chumvi. Mzee Gaudensi alivaa fulana ya kuazima, akila muhogo wa kuchoma. Tulipokaribia Mbinga simu yake ikaita. Akatega sikio. Sauti ya msaidizi wa mheshimiwa tuliisikia wote: mheshimiwa amepata nafasi wiki ijayo, boti irudishwe ufukweni, iandaliwe, isiguswe mpaka afike.

Mzee alimaliza kutafuna kwanza.

"Mwambie mheshimiwa boti haipo."

"Haipo? Imekwenda wapi?"

"Kazini," akasema Mzee Gaudensi, akaizima simu.